Ngurumo Kavu Anyamaze

Kapsoya, Eldoret
3 Februari 2025

Kwa Bwana Murunga Wakoli,
ajiitaye DJ Ngurumo Kavu,
Langas.

KUH: UHARIBIFU WA FILAMU

Bwana,

Jina langu ni Hulda Ooko. Nilikuwa karani wa masjala katika ofisi za serikali hapa mjini kwa miaka thelathini na moja, na huko tulifundishwa kwamba lalamiko lisiloandikwa ni umbeya. Nambari ya simu uliyochapisha nyuma ya kava zako nimeiona. Sikupigii. Ukipigiwa utaongea, na kuongea ndiko ugonjwa wenyewe.

Juzi Jumamosi nilitazama toleo lako la "Fundi Saa wa Daegu". Kati ya filamu zote zilizotoka mwaka jana, hiyo naiweka ya kwanza, na sikutazama chache. Kuna mahali, kama dakika ya arobaini, yule mzee anavua miwani, anaipangusa kwa pindo la gauni la binti yake aliyesinzia kitini, anaivaa tena na kumtazama. Hakuna neno linalosemwa. Hata muziki umeondolewa. Mwelekezi amenyamaza kwa sababu ana akili. Ndipo wewe ukaingia: "Sasa hapa mzee Kiprono anatoa miwani, wasee, anapanguza, anarudisha, anamcheki msichana, na msichana amelala fofofo kama mlinzi wa benki." Mtu amezaliwa Korea, amezeekea Korea, anaitwaje Kiprono?

Ya pili kwa ubora ilikuwa "Mjane wa Gati Namba Saba". Umeigeuza vichekesho. Ile ya Senegali, ya mwalimu na redio yake, uliikata nusu saa nzima kwa sababu, nanukuu, "hapa ni stori tu, tusonge mbele." Na "Theluji Haina Rafiki", ambayo hata wasiojua filamu walikubali kwamba ni nzuri, uliiongelea kwa dakika mia moja na kumi bila kumeza mate.

Ombi langu ni fupi. Nyamaza. Filamu ni kitu cha kutazamwa, na mtu ana macho. Ukimwambia mwenye macho kwamba mlango unafunguliwa, unamwita mjinga, na kati yenu wawili mjinga anajulikana.

Mwezi wa Aprili inatoka sehemu ya pili ya "Theluji Haina Rafiki". Hakuna filamu ninayoingoja mwaka huu kama hiyo. Nakuandikia mapema ili usije kusema hukuonywa.

Ni mimi,
Hulda Ooko (Bi.)


Langas
11 Februari 2025

Mama Hulda,

Salamu kwanza, maana wewe hukunipa.

Barua yako nimeisomea wateja hapa dukani. Tumecheka mpaka mama wa chapati akaacha jiko akaja kuuliza kuna nini. Sijawahi kuandikiwa barua na mtu tangu shule, na ile ya shule ilikuwa ya kunifukuza, kwa hivyo hii yako si mbaya sana.

Lakini Mama, kuna kitu hakiniingii. Umetaja filamu nne, zote umezitazama kwa sauti yangu, na maneno yangu umeyanukuu moja kwa moja. Mtu anayechukia sauti yangu amenisikiza masaa mangapi? Kama chakula changu kina mchanga, mbona sahani imelambwa?

Wateja wangu huwajui. Ni watu wa mjengo wametoka kubeba mawe tangu asubuhi. Yale maandishi ya chini ni ya Kizungu na yanapita mbio. Ni vijana wa mbio kule Kaptagat, wanakimbia kilomita thelathini kabla wewe hujaamka, mchana wamelala miguu juu ya ukuta, macho wamefunga, wanasikiza tu. Hao ndio mimi nahudumia. Sihudumii makarani.

Na mambo ya Kiprono ni hivi: jina la Kikorea hakuna mtu anashika. Nikisema Kiprono, mteja anamjua mzee kutoka mwanzo mpaka mwisho. Wewe mwenyewe unakumbuka jina lake la ukweli? Liandike hapa bila kuangalia kava.

Bora zako ni za watu wanaopenda kuona mzee akitoa miwani. Bora zangu ni "Makonde ya Jumapili" na "Trela ya Mwisho". Hiyo ya trela, steringi anapigana juu ya lori la mafuta linalowaka mpaka linaingia mtoni, na tangu mwanzo tumeambiwa hajui kuogelea. Hapo ndipo mtu anasimama kwa kiti. Na "Theluji" ya pili mimi naingoja kuliko wewe. Nitaiongea yote, hata yale majina ya mwisho yakipita.

DJ Ngurumo Kavu


Kapsoya
16 Februari 2025

Mpendwa Lynette,

Viazi vimefika, asante. Umeuliza hali ya shemeji yako, na kwenye simu sikukujibu vizuri kwa sababu alikuwa ameketi karibu.

Ooko haoni tena. Jicho la kulia ndilo lilikuwa limebakisha mwanga kidogo, na tangu Desemba hata huo umekwenda. Mchana anaujua kwa joto la jua mgongoni. Miaka arobaini amechomelea mageti ya nusu ya mji huu, watu wakimwonya kwamba ule moto utamla macho, kumbe ni presha ya macho, ugonjwa wa ukoo wao, ulimla babake vilevile. Halalamiki. Angelalamika ningejua la kufanya.

Unajua Jumamosi mchana kwetu ni filamu, tangu tulipooana. Macho yalipoanza kufifia nilimwambia asijali, mimi nitakuwa nikimweleza. Nilimweleza tatu. Katikati ya ya nne akaniambia kwa ule upole wake unaouma kuliko kofi, "Hulda, wewe unaniambia filamu ni mbaya. Huniambii ndani kuna nini." Wiki iliyofuata Oyugi, yule waliyekuwa naye kwenye karakana, akamletea flashi ya mpayukaji mmoja wa Langas anayejiita Ngurumo Kavu. Kijana huyo huongea juu ya filamu kuanzia mwanzo hadi mwisho. Lynette, Ooko alicheka. Hakuwa amecheka tangu hospitali. Alicheka akajishika mbavu.

Sasa kila Jumamosi ni huyo huyo, na ninayekwenda Langas kumnunua ni mimi, nimejifunga kitambaa mpaka kwenye nyusi. Ooko anamwita "kijana wangu." Anasema, "Huyu ananionyesha kila kitu." Mimi niko kando yake, kochi moja, mkono wake mkononi mwangu, na anayemwonyesha ni mtu mwingine. Naona uchungu, na naona aibu kuona uchungu.

Nimemwandikia kijana huyo. Nimemtukana vizuri, kiofisi. Ooko sikumtaja, kwa sababu hayo ni ya nyumbani kwangu na sitaki kuhurumiwa na mtu anayesema "masaa". Na usifikiri nimesema uongo. Filamu anaziharibu kweli.

Dadako,
Hulda


Timboroa
25 Februari 2025

Dada,

Baridi ya huku inang'ata, naandika nimevaa glavu moja.

Nimesoma nikacheka, halafu nikaacha kucheka. Wengine wananyang'anywa mume na mwanamke. Wewe umenyang'anywa na spika.

Nina swali moja tu. Huyo kijana akikutii akanyamaza, Ooko atatazama nini? Ulifikiria hilo, au ulikuwa ukitafuta neno kali? Tangu tukiwa wadogo, ukipata neno kali unalirusha kwanza, ndipo unaangalia limempata nani. Mwandikie ukweli. Mistari miwili inatosha, hata ukiitia KUH juu yake.

Msalimie Ooko. Mwambie nitashuka mvua ikikatika.

Lynette


Kapsoya, Eldoret
17 Machi 2025

KUH: SUPU

Bwana Murunga,

Jina halisi la yule fundi saa ni Han Seok-tae. Sikuangalia kava.

Kuna mtu alinishauri nikuandikie barua ya namna nyingine, ya upole, na kwa wiki mbili nilikuwa nikiitafutia maneno. Kisha Jumamosi nikatazama "Nyumba ya Chumvi", ile ya Waturuki, katika toleo lako, na upole ukaniishia.

Binti amekaa miaka kumi na minne bila kukanyaga kwao. Anarudi, anamkuta baba yake yuko kitandani hajiwezi. Anapiga magoti. Anasema jambo moja, na filamu nzima imetengenezwa kwa ajili ya jambo hilo. Maandishi ya Kiingereza yalikuwa yakipita chini nami nikayasoma: "Sikuja kwa sababu niliogopa ungenisamehe." Wewe ulisema nini? Ulisema, "Baba, amka, nimekuletea supu ya kuku."

Hakuna supu. Hakuna kuku. Hakuna hata bakuli chumbani humo.

Mtu mmoja wa nyumbani kwangu aliilia hiyo supu. Alilia machozi ya kweli kwa uongo wako, na mimi niliyejua ukweli sikupata pa kuuingizia kwa sababu hukuacha nafasi hata ya pumzi. Hukujua alichosema yule binti, ndiyo maana ukampa supu. Sasa najiuliza ni filamu ngapi umezijaza supu.

Kwa hiyo wewe si mfasiri, na msimulizi si wewe. Unachojua ni kimoja tu, kwamba wateja wako wanajua kidogo kukuliko. Siku watakapojifunza kusoma itakubidi uuze mahindi ya kuchoma kando ya barabara, na sina shaka hata hayo utawatangazia watu yakigeuzwa.

"Theluji" inakuja. Mara moja katika maisha yako, iache filamu iongee.

Hulda Ooko (Bi.)


Langas
22 Aprili 2025

Mama,

Hii barua yako sikuisomea wateja.

Hiyo ya supu ni kweli. Kituruki sijui. Kiingereza changu kiliishia Form Two kule Kimilili. Maandishi yakipita haraka nashika maneno mawili, yaliyobaki najaza. Miaka tisa nimejaza, na nilijua hakuna mtu anajua. Kumbe kulikuwa na mtu Kapsoya ameketi na kalamu.

Basi umeshinda. "Theluji" ya pili imetoka na nimeifanya vile ulitaka. Nimetafuta msichana wa chuo, anaitwa Jerop, ametafsiri maneno yote sawasawa, yanapita chini kwa Kiswahili, polepole, hata mtu wa mjengo anasoma. Mimi nimeongea mara mbili tu. Mwanzo nimesema jina, mwisho nimesema kwaheri. Watu wa chuo wamesema ni kazi safi. Watu wa Kaptagat wamerudisha flashi zao. Wacha warudishe. Si uliandika mwenyewe kwamba mtu ana macho?

Na zote zinazokuja nitafanya hivyo hivyo.

Yako iko ndani ya bahasha. Usinishukuru, sijaifanya kwa mapenzi.

Murunga Wakoli


Kapsoya
28 Aprili 2025

Lynette,

Ulisema, na sikukusikia.

Flashi ilikuja kwa posta, nikaificha ile barua yake kwenye kabati la vyombo. Jumamosi baada ya chakula Ooko akanyoa ndevu. Kwa filamu za kawaida hanyoi, lakini hii ameingoja tangu mwaka jana. Akavaa sweta ile ya kijivu, akakaa upande wake wa kochi, akasema, "Haya, mlete kijana."

Kijana akasema jina lake. Ooko akatabasamu. Kisha ukaanza upepo, na nyayo kwenye theluji. Nyayo, nyayo, mlango, kikombe kikiwekwa mezani. Mtu akasema jambo kwa lugha yao, mwingine akajibu. Ooko alikuwa ameinama mbele, mikono juu ya magoti, kichwa amekigeuza sikio litangulie. Mimi nilikuwa naona kila kitu na ilikuwa nzuri, Lynette, ilikuwa nzuri kuliko ya kwanza. Nilikuwa naitazama nikijichukia.

Ikapita robo saa ndipo akauliza, "Ameenda wapi?" Nikasema labda mtambo una shida. Akauliza, "Ni mgonjwa?" Nikasema sijui. Nikaanza kumweleza mimi, kwamba kuna mtu amefika kwenye kibanda, na sauti ilinitoka ya masjala, nikasikia mwenyewe nikiongeza kwamba mwigizaji huyu si yule wa kwanza na hafai. Ooko akanigusa goti. "Wacha tu, Hulda. Itazame. Najua umeingoja." Akainuka akapapasa ukuta hadi chumbani, saa tisa mchana, akalala na sweta yake.

Hajataja filamu tangu siku hiyo. Nilipomuuliza Jumamosi ijayo tuweke ipi, alisema yoyote ninayopenda mimi. Jana nilimkuta ameketi mbele ya televisheni iliyozimwa. Alikuwa hajui kama imezimwa au kijana bado amenyamaza. Aliniuliza.

Mimi ndiye nimemfanyia hivi. Namwandikia kijana leo hii.

Hulda


Kapsoya
28 Aprili 2025

Bwana Murunga,

Nimeacha KUH kwa sababu sijui niandike nini hapo.

Mume wangu haoni. Ni yeye aliyeilia supu. Kila Jumamosi kwa miezi minane wewe ulikuwa macho yake, na mimi nilikuwa naketi kando nikiwaka. Nilikuandikia kwamba mtu ana macho nikiwa nimemshika mkono mtu asiyekuwa nayo. Filamu nilizitaja ili nisikutajie hilo.

Sasa umenyamaza, na yeye anadhani unaumwa. Sina wa kumlaumu ila mimi.

Naomba uiongelee "Theluji" ya pili. Nakala moja, isiyouzwa, ya mtu mmoja. Mwite steringi Kiprono, mwite unavyotaka. Tia supu. Ukimaliza niambie nije kuichukua, hata leo.

Hulda Ooko


Langas
19 Mei 2025

Mama Hulda,

Nimekaa na barua yako wiki tatu. Nimeisoma mara nyingi nikitafuta neno pole. Halimo. Kuna "naomba" mara moja na "niambie nije kuichukua". Hata ukipiga magoti, Mama, unapiga kiofisi.

Nimejaribu. Nataka ujue nimejaribu, na si kwa ajili yako. Mzee hajanikosea. Nilifunga duka Jumatatu mchana, nikaweka maiki, nikaanzisha "Theluji". Jamaa akaingia kwa mlango. Nikafungua mdomo kusema jamaa anaingia kwa mlango, na nikasikia, "Unamwita mjinga." Nikarudisha mwanzo. Mwanamke akaongea, sikuelewa neno moja, nikataka kujaza, nikasikia supu. Mara tano nimerudisha. Miaka tisa nimeongea bila kufikiria, kama vile mtu anatembea. Sasa nahesabu miguu. Maiki nimempa jamaa anaitwa Mabonga, anaitumia kwa harusi.

Kwa hivyo hapana. Sitaweza. Hiyo ndiyo umeniachia, na ukikutana na mimi usiniambie nijikaze.

Lakini barua yako ya kwanza ninayo. Ile mahali mzee anapangusa miwani kwa gauni la msichana. Nilikwambia niliwasomea wateja tukacheka. Kuna kitu sikukwambia. Nilipofika hapo, hawakucheka. Kulikuwa na mzee wa mjengo, Wekesa, alisema, "Rudia hapo." Nikarudia. Siku hiyo watu kumi na moja waliitaka hiyo filamu ya miwani, yenye mwaka mzima haikutoka kwa rafu. Wewe ndiye uliiuza, na ulikuwa unanitusi.

Unajua kuona, Mama. Ubaya wako ni kwamba kabla ya kusema mtu amevaa nini, umeshasema kwamba hajui kuvaa. Wacha hiyo. Sema tu kile kiko hapo. Ni kazi ndogo, hata mtu wa Form Two aliiweza.

Kuna ya kwetu inatoka mwezi ujao, "Ukungu wa Saa Kumi", wameshuti huko msitu wa Timboroa. Watu wanaingoja sana. Usingoje yangu. Anza na hiyo.

Mpe Mzee salamu. Mwambie kijana wake si mgonjwa.

Murunga


Kapsoya
23 Juni 2025

Bwana Murunga,

Pole. Nimeliweka mbele ili usilitafute. Pole kwa supu, kwa mahindi ya kuchoma, kwa kuandika kwamba hujui kitu wakati nilichokuwa nakuonea wivu ni kile unachokijua. Sikujua kwamba kitu ulichokuwa nacho kinaweza kuvunjika kwa barua. Nilitakiwa kujua, nimefanya kazi na barua maisha yangu yote. Sikuombi urudie maiki. Ooko nimemweleza yote, na barua zetu nimemsomea, zako na zangu. Alininunia siku mbili. Kisha akasema matusi yako ni mazuri kuliko yangu, kwa sababu yana vichekesho.

"Ukungu wa Saa Kumi" tuliitazama Jumamosi. Kwanza nikupe maoni yangu, kwa kuwa yeye sikumpa: ni filamu mbovu. Hadithi imeibwa huku na huku, polisi wote wana viatu vipya, na ule ukungu ni moshi wa mashine, dadangu anayekaa Timboroa amethibitisha. Yote hayo niliyameza. Nilijiambia nitasema kilichopo tu. Mlango wa mabati, umeegemezwa jiwe. Mwanamke ameingia, ana mwavuli wa kijani, haufungi. Ameuweka chini ukiwa wazi. Nilikuwa nakwama. Nilikuwa nasema "ngoja" na "hapana, si huyo, ni ndugu yake". Ooko alinirekebisha mara mbili, maana sauti za watu anazikamata kabla mimi sijawatambua. Saa ya kwanza hakusema mengi. Aliniambia kwamba wewe ulikuwa na mbwembwe zaidi, nikamwambia najua.

Kuna mahali yule mwanamke amesimama hospitali, kwenye ujia, na daktari anamweleza mume wake jambo ndani ya chumba. Sisi hatumsikii daktari. Tunaona uso wa mwanamke peke yake kupitia kioo cha mlango, na unakaa hapo muda mrefu. Nikasema, "Ni uso wake." Ooko akauliza, "Ukoje?" Nikasema halii. Akauliza, "Basi ukoje?" Nilitafuta. Mimi mwenye maneno ya kila kitu, nilitafuta nikakosa. Nikamwambia, "Ni kama wangu siku ile daktari alipotuambia macho hayatarudi."

Ooko akasema, "Siku hiyo bado nilikuwa naona kidogo. Na nilikuwa namtazama daktari."

Akageuka upande wangu, akaweka mkono shavuni mwangu, na akaniambia, "Nieleze ulivyokuwa."

Nilimweleza. Nilianza na macho, halafu mdomo, jinsi nilivyokuwa nimeufunga ili nisimwaibishe mbele ya wauguzi. Ilituchukua muda. Filamu iliendelea bila sisi mpaka ikaisha, na hakuna aliyeinuka kuizima.

Hulda Ooko